Diski ya Seva ya Nyumbani Ikiugua, Tufanyeje?

Zamani mali ya maandishi ya nyumba ilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda: vyeti, barua, hati ya shamba na picha chache. Siku hizi sehemu kubwa ya mali hiyo haishikiki kwa mkono. Picha za harusi na za misiba, masomo ya mwalimu, hesabu za duka, nyimbo za kwaya, na sauti za wazee wasimuliao habari za kale kwa Kijita, Kikwaya au Kizanaki, zote hukaa ndani ya diski.

Tena intaneti ina gharama, na wakati mwingine hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilipata hitilafu, na watu wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda wakakosa intaneti au wakaipata kwa shida. Kwa sababu hizi watu wengine huona yafaa kuwa na seva yao wenyewe nyumbani, yaani kisanduku chenye diski moja, mbili au nne, kilichounganishwa kwa waya na ruta, ili kila simu na kompyuta ya nyumba hiyo iweze kuweka na kuchukua vitu humo bila kununua kifurushi.

Jambo hili ni jema. Lakini diski ni mashine, na kila mashine huchakaa. Hapa tutaeleza diski ni kitu gani, dalili za ugonjwa wake ni zipi, mwenye seva afanye nini kwanza na nini baadaye, na ajikinge namna gani. Neno kubwa la kukumbuka ni hili: diski mpya hununuliwa dukani, lakini yaliyomo ndani yake hayauzwi popote.

Diski ni Kitu Gani?

Diski ya kwanza kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956, pamoja na mashine iliyoitwa 305 RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimita 61, na uzito wake ulikuwa yapata tani moja. Juu ya ukubwa huo wote iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Leo diski ya terabaiti 4, ambayo mtoto aweza kuishika kwa mkono mmoja, huhifadhi mara 800,000 ya hiyo.

Ijapokuwa imekuwa ndogo, kazi yake haikubadilika sana. Ndani yake mna sahani nyororo zilizopakwa madini yenye kushika usumaku. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Mwanafunzi wa hesabu aweza kujionea mwenyewe: mizunguko 7,200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde, na ukingo wa sahani yenye upana wa milimita 95 hukimbia kiasi cha kilomita 129 kwa saa. Basi la kwenda Mwanza haliruhusiwi mwendo huo.

Juu ya sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia. Hakigusi sahani; hubebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko wake. Nafasi iliyopo kati yao ni nanomita chache tu, na unywele mmoja wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Ndiyo sababu diski inayofanya kazi haipendi kugongwa, na ndiyo sababu haifai kabisa kuifungua nyumbani. Chembe moja ya vumbi, ambayo jicho haliioni, ni kama jiwe kubwa katika njia ya kichwa kile.

Zipo pia diski zisizo na sahani wala kichwa, zinazohifadhi kwa vipande vya elektroniki. Hizo hazina mlio na hazidhuriki upesi kwa kugongwa, lakini nazo hufa, tena mara nyingine bila dalili yoyote. Makala haya yahusu hasa zile za sahani, kwa kuwa ndizo zilizo nyingi katika seva za nyumbani.

Dalili za Ugonjwa

Mwenye seva aangalie mambo haya. Kwanza, kufungua picha au kitabu huchukua muda mrefu kuliko desturi. Pili, mafaili mengine hukataa kufunguka. Tatu, diski hutoweka, kisha hurudi yenyewe. Nne, taa ya seva hubadilika rangi, au seva hulia. Tano, diski hutoa mlio wa kugonga unaorudiwarudiwa, "ta, ta, ta", kama saa mbovu.

Dalili ya tano ndiyo mbaya kuliko zote. Mara nyingi maana yake ni kwamba kichwa kimeshindwa kuona mahali pake na kinajaribu tena na tena. Diski yenye mlio huo izimwe mara moja.

Jambo la Kwanza ni Kuokoa

Watu wengi waonapo diski inasumbua huanza kuitengeneza. Sivyo. Nyumba ikishika moto, mtu hutoa watoto kwanza, kisha ndipo atafute chanzo cha moto. Vivyo hivyo, diski inayosumbua lakini bado inasoma, yakupasa kwanza kutoa vilivyo muhimu na kuviweka mahali pengine: diski ya nje, kompyuta nyingine, hata flashi. Anza na vile ambavyo havina nakala popote. Filamu ya kuchekesha yaweza kupatikana tena. Sauti ya bibi aliyekwisha kufa haipatikani tena.

Wakati wa kuokoa, jihadhari na mambo manne. Usiendelee kuandika vitu vipya katika diski ile. Usizime na kuwasha mara kwa mara kwa kutumaini kuwa itapona, kwa maana kuwasha ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa diski. Usiendeshe programu ya kurekebisha mafaili kabla ya kuokoa, kwani programu hiyo hupitia diski nzima na kubadili maandishi yake. Diski dhaifu yaweza kufa katikati ya kazi. Tena seva au kompyuta ikiuliza, "Je, nifomati diski hii?" jibu ni hapana.

Mwenye ujuzi wa kompyuta aweza kutumia programu ya GNU ddrescue, ambayo hutolewa bure. Programu hii hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudia zile ngumu. Tena huandika katika faili dogo ni wapi imefika, hata umeme ukikatika huendelea pale ilipoachia. Kwa sisi tunaozoea kukatiwa umeme, hilo ni faida kubwa.

Kutafuta Chanzo: Anzia Nje, Malizia Ndani

Vitu vikisha kuokolewa, sasa tafuta ugonjwa uko wapi. Si kila seva inayosumbua ina diski mbovu. Mtu asiyechunguza hununua diski mpya, na wiki ya pili shida ni ile ile. Kwa hiyo fuata utaratibu huu.

1. Umeme. Diski kubwa ya sahani inapoanza kuzunguka huvuta kiasi cha wati 24 kwa nukta chache. Diski nne pamoja zaweza kuvuta karibu wati 100. Adapta iliyochoka huweza kuendesha seva iliyokwisha kuwaka, lakini ikashindwa wakati wa kuanza. Hapo diski moja au mbili hutoweka, na mwenye seva hudhani diski zimekufa. Jaribu adapta nyingine yenye volti zile zile na nguvu isiyopungua ile ya kwanza. Tazama pia soketi na waya wa kurefushia. Jambo lililo ndani ya sanduku la umeme liachiwe fundi.

2. Waya. Katika seva zilizoundwa kwa kompyuta za kawaida, kila diski huunganishwa kwa waya mwembamba. Waya ukilegea au ukipindwa mno, habari hufika zimeharibika. Zima seva, chomoa umeme, kisha chomoa na uchomeke waya vizuri, au weka mwingine.

3. Tundu. Diski ikisumbua, izime seva, iandike namba, kisha iweke katika tundu jingine. Shida ikiifuata diski, diski ndiyo mgonjwa. Shida ikibaki pale pale katika tundu la zamani, basi tundu ndilo bovu. Hili lifanywe baada ya kuokoa vitu na baada ya kusoma kitabu cha seva yako, kwa kuwa seva nyingine zataka kila diski ikae mahali pake.

4. Diski yenyewe. Hapa tunahitaji ushahidi, na ushahidi upo.

Daftari la Afya Lililomo Ndani ya Diski

Karibu kila diski ya siku hizi hujiandikia habari za afya yake kwa utaratibu uitwao SMART. Seva nyingi zina ukurasa wa kuonyesha afya ya diski. Kwenye Windows watu hutumia CrystalDiskInfo, na kwenye Linux hutumia smartctl. Mistari ni mingi, lakini michache yatosha.

Mstari namba 5 huhesabu vipande vya sahani vilivyoharibika ambavyo diski imekwisha kuvihamishia kwenye akiba yake. Mstari namba 197 huhesabu vipande vinavyotiliwa shaka, ambavyo diski haijaamua kama vimekufa. Mstari namba 198 huhesabu vile ambavyo havikuweza kusomeka diski ilipojipima. Hesabu halisi ya mistari hii mitatu yafaa iwe 0. Ikiwa si 0, na hasa ikiwa leo ni 8, wiki ijayo 24, na nyingine 60, diski inakwenda kaburini. Ondoa kilichobaki, ununue nyingine.

Mstari namba 199 ni tofauti. Huhesabu habari zilizoharibika njiani kati ya diski na seva, na mara nyingi mkosaji ni waya. Hesabu hii hairudi nyuma. Kwa hiyo usishangae ukibadili waya na namba ikabaki ile ile. Iandike, ungoje siku chache. Isipopanda, umekwisha kuponya ugonjwa.

Mstari namba 9 huonyesha saa ambazo diski imefanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760. Basi ukitaka kununua diski ya mtumba, nayo yaonyesha saa 43,800, ujue imefanya kazi miaka 5 bila kupumzika, hata kama jalada lake lang'aa. Mstari namba 194 huonyesha joto. Watengenezaji wengi hutaja digrii 60 kuwa mwisho. Lakini ni vizuri diski isizidi 45 au hivi.

Je, daftari hili husema kweli siku zote? Mwaka 2007 wataalamu wa Google walitangaza uchunguzi wao juu ya diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikisha kuonyesha kosa la kwanza la kusoma inapojipima, hatari ya kufa kwake katika siku 60 zinazofuata huwa mara 39 kuliko ile isiyo na kosa hilo. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya diski 36 katika kila 100 zilizokufa hazikuwa zimeonyesha kosa lolote. Maana yake ni hii: daftari likisema diski ni mgonjwa, liamini, likisema ni mzima, usilale usingizi.

Diski Pacha Si Nakala ya Akiba

Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa makala iliyoeleza namna ya kuunganisha diski nyingi ndogo ili moja ikifa kazi isisimame. Utaratibu huo huitwa RAID. Namna yake iliyo rahisi ni diski pacha: kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili.

Kwa nini basi watu wenye diski pacha hupoteza vitu vyao? Ni kwa sababu pacha huiga kila jambo, jema na baya. Mtoto akifuta picha, zimefutika katika zote mbili. Kirusi kikiharibu mafaili, kimeharibu yote. Radi ikipiga, zote zimo katika kisanduku kimoja. Mwizi hachagui moja akaacha nyingine.

Tuseme mwalimu mmoja hapa Nyakato ana fedha ya kununua diski mbili tu. Muuzaji amshauri afanye pacha. Je, afuate? La. Pacha humwezesha kufanya kazi siku diski moja inapokufa, lakini mwalimu huyu aweza kuvumilia siku mbili bila seva. Asiloweza kuvumilia ni kupoteza kazi ya miaka 15. Basi diski moja ikae ndani ya seva, na ya pili iwe ya nje, ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha ichomolewe na kuhifadhiwa mahali pengine. Fedha ikipatikana baadaye, ndipo afikirie pacha. Huo ndio utaratibu wa kutumia fedha kidogo kwa akili.

Kubadili Diski katika Seva ya Pacha

Wenye pacha tayari wajue mambo manne. Kwanza, diski moja ikifa, fanya nakala ya nje kabla ya kuweka mpya. Diski mbili zilizonunuliwa siku moja zimefanya kazi sawasawa, na ile iliyobaki yaweza kuwa imechoka vile vile. Kujaza diski mpya kwamaanisha kusoma ile ya zamani yote. Kwa diski ya terabaiti 4, kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 7 mfululizo.

Pili, hakikisha unatoa iliyokufa, si iliyo nzima. Soma namba ya diski katika ukurasa wa seva, kisha uilinganishe na namba iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Tatu, diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Nne, uliza ni ya namna gani. Ziko diski ambazo mistari yake ya kuandikia hulaliana kama mabati ya paa, ili vitu vingi viingie. Hizo hufaa kwa akiba, lakini huwa nzito mno wakati wa kujazwa katika seva ya pacha. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba watengenezaji kadhaa walikuwa wameuza diski za namna hiyo bila kuwaambia wanunuzi, na kelele zilikuwa nyingi.

Kinga ya Huku Kwetu Ziwani

Eneo la Ziwa Viktoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Mvua ya radi ikikaribia, zima seva kwa utaratibu, kisha uichomoe katika umeme pamoja na ruta. Kwa kukatika kwa umeme, betri ya UPS yafaa sana, hata kama yadumu dakika 10 tu, kwa maana dakika hizo zatosha seva kumaliza kuandika na kujizima. Seva iwekwe mahali pakavu penye hewa, juu ya meza imara, si sakafuni wala karibu na dirisha linalopigwa jua. Matundu ya hewa yasafishwe kwa brashi laini, kwa kuwa vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani huyaziba, na feni ikiziba joto hupanda.

Diski ikisha kufa kabisa, usiiweke katika friji kama wasemavyo wengine, unyevu utaimaliza. Kuna mafundi wanaofungua diski katika vyumba visivyo na vumbi kabisa, lakini malipo yao ni makubwa, wala hawaahidi kufaulu.

Daftari na Nakala Tatu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Weka daftari la kawaida karibu na seva. Mara moja kwa mwezi andika tarehe, namba ya kila diski, na hesabu za mistari 5, 197, 198, 199, 9 na 194. Kazi hii haizidi dakika 10, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanyia familia yake.

Kisha fuata kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: kila kitu chenye thamani kiwe na nakala 3, katika vyombo vya namna 2, na nakala 1 ikae mbali na nyumba. Nakala ya mbali yaweza kuwa kwa shangazi Bunda au kwa mjomba Butiama, imefungwa kwa neno la siri. Shule zinapofungwa ndiyo nafasi nzuri ya kuipeleka, na zinapofunguliwa kuirudisha ijazwe tena. Na kila mara fungua mafaili 10 ya nakala ile uone kama yanasomeka, kwa sababu nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Katika Makumbusho ya Mwalimu Nyerere kule Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, tunaonyeshwa vitu na maandishi ya mtu mmoja yaliyotunzwa ili wajukuu wayaone. Yametunzwa kwa sababu wako watu waliojali. Sauti na picha za babu zetu wengine wasio na makumbusho zitatunzwa na nani, kama si sisi wenyewe? Mzazi asomaye makala haya na amwulize mwanawe leo jioni: vitu vyetu viko katika diski ngapi, na ya pili iko wapi? Jibu likiwa "moja tu", kazi na ianze kabla muhula haujaisha.